Pancha Itazibwa Wapi?

Lami iliyozoeleka Mafia ni moja: inatoka Kilindoni na kuishia Utende, kama kilomita 15 hivi, na kwa mwenye baiskeli nzima ni safari isiyomaliza saa. Hakuna mlima wa kutaja, na magari si mengi. Kaskazini ni habari nyingine. Kutoka Kilindoni hadi Rasi Mkumbi, ambako Wajerumani walisimamisha mnara wa taa mwaka 1892, ni zaidi ya kilomita 50, na kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya kifusi, mawe yaliyochomoza na mchanga unaomeza gurudumu. Anayenunua baiskeli ya barabarani kisiwani ananunua kwa ajili ya zile 15, kisha inambidi aishi na hizi 50. Ugomvi wa matairi unaanzia hapo.

Wasemaji katika mjadala huu ni wanne: fundi baiskeli wa Kilindoni, kijana wa mbio, mchuuzi wa samaki, na mama mwenye baiskeli za kukodisha wageni kule Utende. Wasitafutwe majina, ni hoja nne nilizozipa midomo, kwa kuwa ndizo zinazosikika kila matairi yanapozungumzwa. Mimi ni wa tano, na nina upande. Nasema mtu wa kisiwani aulize kwanza pancha yake itazibwa wapi, na nani, na kwa vifaa gani. Swali la tairi kupata pancha mara ngapi, ambalo wengi hulitanguliza, lije baadaye.

Kijana wa mbio: Shikamoo, mzee. Naomba nianze mimi. Dunia yote inakimbia kwa tairi jembamba. Milimita 25, upepo paundi 100, mpira mwepesi. Nyie mnatuwekea matairi ya kubebea nazi, halafu mnashangaa Mafia haitoi mkimbiaji.

Fundi: Marahaba, mwanangu. Mimi siweki, mimi naziba. Na hilo la kwako nalijua: ukitoka tu kwenye lami, ringi inalia kabla tairi halijalia.

Kijana anastahili kujibiwa kwa ushahidi, si kwa umri. Ni kweli kwamba kwa miongo mingi wakimbiaji wakubwa walitumia matairi ya milimita 23 au pungufu, wakayajaza upepo hadi kidole kisibonyeze. Lakini hao hao ndio waliobadilika. Leo milimita 28 ni jambo la kawaida katika mashindano ya barabarani, na kwenye mawe ya Paris–Roubaix watu wanavaa 30 na zaidi. Hawakutafuta starehe. Vipimo vya zamani vilifanywa kwa kulizungusha tairi juu ya ngoma ya chuma laini, na juu ya chuma laini kila unapoongeza upepo gurudumu linabingirika vizuri zaidi. Ngoma ile haikuwa na mtu juu yake. Barabarani mtu yupo, na kila kokoto linalogongwa na tairi gumu linaurusha mwili wake. Nguvu iliyotakiwa kwenda mbele inaishia kwenye mapaja, mgongo na mikono inayotetemeka. Tairi lililojazwa kwa kiasi linalimeza lile kokoto. Tena, matairi mawili ya aina moja yakiwa na upepo sawa, pana ndilo linalobingirika kwa wepesi, kwa sababu sehemu yake inayobonyea chini ni fupi na pana badala ya kuwa ndefu na nyembamba. Jembamba linabaki na faida moja ya kweli: linapasua hewa vizuri, na anayekwenda kilomita 35 kwa saa kuelekea Utende huku kusi inampiga usoni ataiona faida hiyo. Simnyimi. Ila kuna jambo ambalo wanaoiga mabingwa hulisahau. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, Septemba 2025, kila timu ilikuwa na gari nyuma lenye magurudumu ya akiba. Bingwa akipata pancha haizibi. Anapewa gurudumu jingine na safari inaendelea. Tairi lake limechaguliwa na mtu anayejua gari liko nyuma. Atokaye Kilindoni peke yake na kupata pancha kabla ya kijiji cha Bweni, kule kaskazini, ana nini nyuma yake?

Fundi: Nami niongeze. Kila anayekuja hapa anasema ni mwiba. Nikiivua tyubu, mara nyingi nakuta siyo mwiba.

Hapa fundi ameshika jambo ambalo mjadala wa matairi huliruka. Kabla ya kulilaumu tairi, tyubu ivuliwe na isomwe, kwa sababu mahali tundu lilipo panasema lilivyoingia. Tundu moja dogo upande wa nje, ule unaogusana na tairi, ni la kitu kilichopenya kutoka barabarani: kigae cha chupa, msumari, mwiba. Miiba kisiwani ipo: ua wa michongoma ukipunguzwa matawi yanatupwa njiani, milimau na michungwa ina yake, na mabua ya mkindu yana miiba mirefu karibu na shina. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, yamepishana kwa upana wa kidole, ni kesi tofauti: gurudumu liligonga jiwe au ukingo wa shimo, tairi likabonyea hadi mwisho, na tyubu ikabanwa na kingo mbili za ringi. Hiyo ni kesi ya upepo mdogo, au tairi jembamba kuliko njia. Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama ringi, mhalifu ni kichwa cha spoki kilichochomoza baada ya utepe wa ringi kuchoka, au kutu. Kwenye hewa ya chumvi kama ya Mafia ringi ya chuma huliwa kutoka ndani bila mwenyewe kujua. Kwa nje inang'aa, kwa ndani ina magamba makali. Na tyubu ikichanika kwenye shina la valvu, maana yake tairi limetembea juu ya ringi kwa kukosa upepo, likaivuta tyubu, valvu ikalala upande mpaka ikakatika.

Mafundi makini wana desturi moja rahisi inayousaidia usomaji huo. Tairi linapovalishwa, maandishi ya jina lake yanawekwa sawa na valvu. Siku ya pancha, tyubu ikishatolewa na tundu kuonekana, inarudishwa kando ya tairi kwa kuifuata valvu, na papo hapo inajulikana ni sehemu gani ya tairi ya kukagua. Kisha kipande cha kitambaa kinapitishwa ndani taratibu. Kitambaa kinanasa kabla kidole hakijachomwa, na ile ncha ya mwiba ambayo ingetoboa tyubu mpya dakika kumi baadaye inatolewa. Sasa hesabu yenyewe: katika kesi hizi nne, tairi nene linaponya moja tu, ile ya kwanza. Tatu zinaponywa na upepo wa kutosha, utepe mzuri wa ringi, na upana unaolingana na njia. Ndiyo maana anayetafuta tairi lisilotoboka anatafuta dawa ya robo ya ugonjwa.

Mchuuzi: Kijana, mimi sina mbio. Nina tenga la samaki kwenye keria, na barafu hainisubiri. Nipe tairi zito, kashata nene, basi. Na upepo nauacha kidogo chini, maana jua la saa saba linapasua tairi lililojaa.

Mchuuzi anasema kwa sauti ya wengi, na nusu ya kwanza ya maneno yake ina akili. Tairi la baiskeli kubwa za Kichina na Kihindi, la inchi 28 kwa 1½, upana wake ni milimita 40. Lilitengenezwa kwa ajili ya mizigo, na limeubeba uchumi wa mashambani Afrika Mashariki kwa miaka mingi kuliko chombo kingine chochote cha magurudumu mawili kabla ya bodaboda. Kosa liko kwenye nusu ya pili. Jua linaongeza upepo, ndiyo, lakini si kwa kiasi anachodhani. Tairi lililojazwa paundi 50 alfajiri kwenye nyuzi joto 25, likifika nyuzi 45 mchana, linaongezeka paundi nne au tano tu. Hiyo ni kanuni ya gesi inayofundishwa sekondari, na tairi zima halipasuki kwa paundi tano. Linalopasuka ni lile lililochanika ubavuni tangu zamani, au lililovalishwa vibaya likabaki limekaa nje ya ringi upande mmoja. Wakati huohuo, mchuuzi akiacha upepo chini akiwa na kilo 80 za mzigo nyuma, anajitengenezea mwenyewe yale matundu mawili sambamba. Uzito wa mwenye baiskeli tayari huelemea gurudumu la nyuma zaidi ya la mbele. Tenga la samaki linakuja juu ya hapo. Kwa hiyo la nyuma lijazwe hadi karibu na kikomo kilichoandikwa ubavuni, la mbele lipunguzwe kidogo, limeze mawe na kushika mchanga. Kashata nene hazina la kusema katika jambo hilo. Kwenye matope ya masika zinafaa. Kwenye lami ni uzito wa bure, na vijiwe vinavyojikita katikati yake husukumwa ndani kila gurudumu linapozunguka. Masika yenyewe yana hila yake: mpira uliolowa hukatika kirahisi kuliko mkavu, ndiyo sababu pancha huzidi siku za mvua hata katika barabara ileile.

Mama wa Utende: Fundi, kaka yangu, hayo yote nayasikia. Lakini mgeni wangu kaja kuona bahari, hajui kuziba na hataki kujua. Akikwama njiani anarudi kwa miguu ananung'unika, na mimi ndiye nitakayesemwa. Mimi nataka tairi lisilopata pancha kabisa. Si yapo?

Yapo, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote nne, maana hapo kweli hakuna wa kuziba papo hapo. Njia ya kwanza ni tairi la mpira mtupu lisilojazwa upepo. Halitoboki, hilo halina ubishi. Lakini upepo ndio uliokuwa ukipokea mshindo. Ukiondoka, mshindo unahamia kwenye spoki, ringi na makalio ya mgeni. Tairi la upepo lilivumbuliwa kukwepa hali hiyohiyo: John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast mwaka 1887 kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, wakati ambapo mpira mtupu ndio uliokuwa kila mahali, na ndani ya miaka michache mpira mtupu ukashindwa sokoni. Kwa safari fupi ya lami kutoka hotelini hadi gatini, mama anaweza kuuvumilia. Kwa njia ya mawe, pancha alizoziokoa atazilipia kwa spoki zilizokatika, na spoki ni kazi ngumu zaidi kwa fundi kuliko kiraka.

Njia ya pili ni tyubulesi: tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya majimaji ndani inayokimbilia kwenye tundu na kuliziba lenyewe. Sitaki kuidharau. Kwa miiba ndiyo kinga bora iliyopo, na katika mashindano ya njia za vumbi kama Migration Gravel Race ya Kenya, yaliyoanza mwaka 2021 katika nyika za Maasai Mara, ndiyo anayoitegemea mkimbiaji wa maana. Ila tazama inavyoishi. Dawa hukauka, na joto huiharakisha. Baada ya miezi michache lazima iongezwe, la sivyo ndani ya tairi hubaki ngozi kavu isiyoziba kitu. Tairi likitoka kwenye ringi, kulirudisha kunahitaji upepo mwingi kwa ghafla, na pampu ya mkono mara nyingi haiwezi. Tundu likizidi milimita chache, dawa inamwagika na mtu anarudi kwenye tyubu. Swali langu linarudi hapohapo: tyubu ipi, na itaingia?

Swali hilo lina majibu ya namba, na namba zimeandikwa kwenye kila tairi. Ubavuni, mbali na zile inchi ambazo hupotosha, kuna tarakimu za aina hii: 40-635, 25-622, 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Baiskeli kubwa ya zamani ni 635. Baiskeli ya mbio ni 622. Zote mbili watu huziita inchi 28, na mtu akiagiza tairi Kariakoo kwa jina hilo tu, likavuka kutoka bandari ya Nyamisati mpaka Kilindoni, anaweza kukuta limempwaya au limemgomea kwa tofauti ya milimita 13. Tairi halisamehi. Tyubu inasamehe, kwa sababu inanyumbuka: tyubu ya kawaida ya 28 kwa 1½, ile inayopatikana kirahisi vijijini, inakaa vizuri ndani ya tairi la 622 lenye upana wa milimita 35 hadi 40. Ndani ya tairi la milimita 25 haikai. Inajikunja, na mkunjo ni pancha ya kesho. Halafu kuna tundu la valvu. Ringi nyingi za mbio zimetobolewa milimita 6.5 kwa ajili ya valvu nyembamba ya Kifaransa, na valvu za kawaida, ile ya baiskeli kubwa na ile inayofanana na ya pikipiki, zinahitaji milimita 8.5. Kijana anaweza kusimama mbele ya duka lililojaa tyubu na asipate hata moja ya kumfaa.

Kwa hiyo mama wa Utende namshauri matairi ya milimita 35 mpaka 40, yenye safu ya kinga chini ya kashata kama ataweza kuyaagiza, kwenye ringi zenye tundu pana, na tyubu za kawaida. Mgeni akikwama, mwenye bodaboda yeyote anamfikisha kwa fundi yeyote, na fundi yeyote ana tyubu hiyo. Pancha zitakuwepo. Zitakuwa za nusu saa badala ya kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.

Kijana wa mbio: Samahani, lakini sioni nani anafaidika hapa kama siyo fundi. Anakula kwa pancha. Mnatushauri tairi linalotoboka, na muamuzi ni huyu anayelipwa kuziba!

Fundi: Sema tu, mwanangu, sikasiriki.

Ni shutuma halali, na haijibiwi kwa kusema fundi ni mtu mwema. Jibu ni kwamba hoja haisimami juu ya fundi. Tyubu inayozibwa Kilindoni inazibwa pia kando ya njia na mwenyewe, kwa vitu vinavyoenea mfukoni: kipande cha msasa, kichupa cha solusheni, viraka vitatu, na pampu ndogo. Wengi wanaoshindwa kuziba hushindwa kwa haraka. Mpira unatakiwa usuguliwe kwa msasa hadi ung'avu wote uondoke, eneo kubwa kuliko kiraka chenyewe. Solusheni ipakwe nyembamba, isambae, kisha iachwe. Iachwe kweli, hadi ikiguswa kwa mgongo wa kidole isilowanishe. Anayebandika kiraka juu ya solusheni mbichi anafungia ndani yake mvuke ambao utakisukuma kiraka mpaka kibanduke, kwa kawaida siku ya pili, palipo mbali. Kikibandikwa kwa wakati wake na kukandamizwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kiraka huishi kuliko tyubu. Solusheni nayo ikishafunguliwa haidumu kwenye joto la pwani, kwa hiyo vichupa viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa. Huo ni ujuzi wa jioni moja. Tyubulesi inamtaka mtu awe na dawa, utepe maalumu na upepo wa mashine, na hivyo ndivyo vinavyomfunga kwa wauzaji.

Lakini sipendi kumwacha kijana na ushauri asioweza kuutumia. Fremu nyingi za mbio, hasa zenye breki za kubana ringi kutoka juu, hazipokei zaidi ya milimita 28, na hakuna mjadala utakaoipanua fremu. Yeye basi avae hizo 28, ajaze paundi 75 hadi 85 kulingana na uzito wake badala ya 100, atembee na tyubu zake mbili na ile shaba ndogo inayoifanya valvu nyembamba ikubali pampu ya kawaida, na mazoezi yake yawe ya lami, kwenda na kurudi Utende. Barabara ya kaskazini ikija kuwekwa lami hadi mwisho, wenye fremu pana wanaweza kushuka mpaka 32 bila hasara. Upana utabadilika, tundu la valvu na tyubu ya dukani havitabadilika.

Kijana wa mbio: Na nikitaka unitoboe ringi, mzee, ipokee valvu kubwa?

Fundi: Ringi yako upana wake kwa ndani ni kiasi gani?

Kijana wa mbio: Sijui.

Fundi: Ivue tairi tupime. Ikiwa nyembamba sitoboi, itapasuka. Ikiwa na nafasi, njoo kesho asubuhi, na ulete utepe mpya.